Shati la Samawati Lililotawala Mlingoti

Sogeeni karibu, enyi mlioketi na ninyi mliosimama kwa kukosa viti, na ninyi mlioziba mlango ama ingieni ama tokeni, maana upepo unapita hapo na habari yenyewe ni ya upepo. Tegeni masikio niwasimulie vita vilivyopiganwa siku ya nne ya muhula wa kwanza, katika chuo kikuu kilichojengwa ukingoni mwa bahari, baina ya kijana mmoja wa mwaka wa kwanza kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili pepo za mbinguni, mlingoti wa chuma, na sheria zilizoandikwa kwa rangi nyeupe juu ya ubao mweusi. Wengine husimulia majemadari waliozingira ngome miaka kumi. Mimi nasimulia shati. Asiyetaka habari za shati aende zake salama, wala hatutamsema akishaondoka, au tutamsema kidogo tu.

Nawe sabuni ya mche, mama wa povu, uliyeyaona mambo haya tangu mwanzo ukiwa chini ya ndoo ya plastiki, nilainishie ulimi nisikwame njiani.

Shujaa wetu alitoka bara, mbali sana na maji ya chumvi, mahali ambapo upepo ukijitahidi mno huinua karatasi. Alishuka langoni mwa chuo akiwa na sanduku moja, godoro lililokunjwa likafungwa kwa kamba ya katani, na ndoo ambayo ndani yake mlikuwa na vitu vyote visivyoenea sandukuni. Bwenini, chumba namba kumi na saba, alipoulizwa yeye ni nani, akajibu kwa adabu kwamba mama yake ni fundi wa cherehani, na kwa kuwa hakuna aliyesikia alichosema baada ya hapo, tangu siku ile akaitwa Mwana wa Fundi.

Na lile shati, niacheni nilieleze kwa heshima yake. Mama yule alikuwa amenunua mita tatu za kitambaa cha samawati chenye vidoadoa vyeupe ili ajishonee gauni, la kwanza kujishonea baada ya miaka mingi ya kuwashonea wake za watu. Barua ya chuo ilipofika nyumbani, gauni likageuka shati kabla halijakatwa. Akalishona siku tatu, kola akaifumua mara mbili, na siku ya safari akamkabidhi mwanawe huku akiondoa uzi ambao haukuwapo.

"Baba," akamwambia, "picha ya kwanza ya chuo uipige na hili. Kisha unitumie. Nitaibandika hapa juu ya cherehani, wateja waone. Mimi chuo sikuingia, basi angalau kitambaa changu kiingie."

Kijana akaapa. Ndiyo maana mnanisikia nasema vita, kwani pasipo kiapo hapana vita, pana fujo tu.

Sasa amri ilikuwa imebandikwa kila ukuta: picha za vitambulisho vya mwaka wa kwanza, mwisho siku ya nne, saa sita kamili mchana, mwanafunzi avae shati lenye kola. Asiye na kitambulisho haingii maktaba, wala haingii bwalo la chakula. Baada ya saa sita mpiga picha anafungasha kamera yake anakwenda tawi jingine la chuo, na harudi mpaka mwezi ujao. Mwezi mzima, ndugu zangu, wa kuitazama sufuria ya maharage kupitia dirishani.

Na hayo maharage ndiyo yaliyouanzisha msiba. Jioni ya siku ya tatu, katika msongamano wa bwalo, ambako wanafunzi wapya walikuwa bado wanaingia kwa ruhusa ya macho tu, kiwiko cha mtu asiyejulikana kilikutana na sahani ya shujaa wetu, na mchuzi ukaruka ukatua mfukoni mwa shati la samawati, upande wa moyo. Usiku ule hakulala sawasawa.

Alfajiri ya siku ya nne alijitosa. Alilisugua doa kwa ngumi zake mbili, akalisuuza, akalisugua tena, akalipandishia povu hadi viwikoni, na majirani wakapita na miswaki yao midomoni wakimwonea huruma. Je, doa lilitoka? Hilo hakuna aliyelijua, kwa maana nguo ikilowa doa hujificha, likangoja jua ndipo lijitokeze. Yeye alijiambia limetoka, akalikamua shati, akalipeleka kambani nyuma ya bweni.

Wenyeji wa chuo kile wanajua jambo moja ambalo halimo katika kitabu cha mwongozo wa wanafunzi wapya, wala halikutajwa katika hotuba nne za kuwakaribisha. Kila siku ya Mungu, ikigonga saa nne asubuhi, upepo hutoka baharini, na hautoki kidogo kidogo. Hutoka kama mtu aliyechelewa kazini. Kwa sababu hiyo aliyekaa pale zaidi ya wiki moja haaniki shati bila kulifunga mikono: huuzungusha mkono wa kulia kwenye kamba, na wa kushoto vilevile, akaikutanisha akapiga fundo. Ndiyo maana nyuma ya mabweni utaona safu ndefu ya mashati yaliyofungwa mikono kama watuhumiwa, na mgeni akiyaona hudhani ni mzaha wa vijana. Mwana wa Fundi aliyaona. Akadhani ni mzaha wa vijana.

Lake alilitandaza kwa heshima katikati ya kamba, mabega sawasawa, akavuta pindo, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama. Kisha akavaa fulana akaenda kushika foleni.

Foleni ile, enyi wasikilizaji, ilianzia mlango wa ukumbi mdogo, ikazunguka tangi la maji, ikapita mbele ya ofisi ambazo hazihusiki, ikarudi ikajitazama yenyewe. Jeshi lote la mwaka wa kwanza lilikuwa pale limechomekea. Nyuma ya shujaa wetu alisimama msichana mwenye faili jekundu, mwaka wa kwanza naye, mtu wa maneno machache. Saa tano na robo, upepo ukiwa umekwisha kupindua miavuli mitatu, Mwana wa Fundi akamgeukia.

"Dada yangu, naomba unishikie nafasi. Nakwenda kuchukua shati langu, nami nitarudi kabla kivuli cha tangi hakijafika miguuni pako."

"Nitakushikia, kaka," akajibu Faili Jekundu. "Ila sikudanganyi. Nikifika mlangoni naingia. Mimi pia nina tumbo."

Akatimua mbio. Na alipofika nyuma ya bweni akaikuta kamba, akayakuta mashati ya watu yamefungwa mikono yametulia, na katikati pakawa peupe, mahali pa shati moja.

Akaingia chumba namba kumi na saba. Kwenye kitanda cha chini alikuwa amejilaza Mkongwe, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ambaye kwa kurudia somo moja mara mbili alikuwa amehesabiwa miongoni mwa wenye hekima.

"Shati langu halipo," akasema Mwana wa Fundi.

"Ulilifunga mikono?"

"Kulifunga mikono kwa nini?"

"Basi limeondoka na saa nne." Mkongwe akageuka upande, akanyoosha kidevu kuelekea dirishani. "Lile si lako?"

Mbele ya Kitivo cha Bahari, ng'ambo ya uwanja wa kokoto, palikuwa na mlingoti wa chuma uliopakwa rangi ya fedha, mrefu kupita ghorofa mbili. Na juu kabisa, mkono mmoja umenasa baina ya kamba na kulabu, shati la samawati lilikuwa likipepea kwa fahari, kifua mbele. Kijana alilitazama.

"Chukua langu," akasema Mkongwe, ambaye hakuwa mtu mbaya. "Lina kola."

Mwana wa Fundi akasimama katikati ya chumba, mkono kifuani, akanena: "Ewe Mkongwe, wema wako nitausimulia kwa wanangu. Lakini shati lile ni gauni ambalo mama yangu hakulivaa. Nikiketi mbele ya kamera nimevaa shati la mtu mwingine, mimi nitakuwa nimeingia chuo, naye nimemwacha langoni. Nakwenda kulitwaa, na nisiporudi, godoro langu mpe mwenye shida."

Mkongwe akajikuna mbavu. "Haya. Vaa ndala, kokoto zina moto."

Chini ya mlingoti ule kulikuwa na kibanda, na ndani ya kibanda alikuwamo askari mlinzi, mzee mwenye buti zilizong'aa, funguo kiunoni, na kitabu cha matukio mapajani. Kamba ya mlingoti ilishuka hadi kwenye kisanduku cha bati, na kisanduku kilikuwa na kufuli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Simama hapo hapo, usikanyage kivuli cha bendera."

"Mzee wangu, ile siyo bendera. Ni shati langu."

Askari hakuinua macho juu. Akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu: "Saa nne na robo. Bendera ya kitivo imeonekana juu. Hali ya bendera, nzuri."

Hapa yafaa niwaambie, la sivyo mtamwona mzee wa watu hana akili, na akili alikuwa nazo. Bendera ya kitivo, ambayo nayo ni ya rangi ya samawati, ilikuwa imechanwa na upepo huohuo ikapelekwa kwa fundi wiki tatu zilizopita. Tangu hapo kila asubuhi mkuu wa kitivo alipita akauliza, "Bendera iko wapi?" na kila asubuhi askari akakosa la kusema. Siku ile alikuwa amekwenda kunywa chai, aliporudi akainua macho akaona samawati juu inapepea, akajua mwenzake wa zamu ameipandisha. Na mkuu wa kitivo akapita, akatazama juu, akasema, "Sasa hapo sawa." Hayo yote yaliandikwa, kwa wino.

"Ina mikono, mzee," akasema kijana kwa upole.

Askari akainua macho. Akatazama kwa muda mrefu. Nafikiri pale pale aliiona mikono, na wa pili ukampungia. Lakini akakifunga kitabu akasimama, akanena: "Sikia, mwanangu. Miaka ishirini na sita nalinda mlingoti huu. Nimevijaza vitabu arobaini na kimoja, na ndani yake hamna mstari niliofuta. Mke wangu amenisema kwa mengi, kwa hilo hajawahi. Leo unataka niandike kwamba nimelipigia shati saluti?"

"Kwani umelipigia saluti?"

Mzee akainama akafuta buti ambayo haikuwa na vumbi.

"Mara mbili," akasema mzee. "Bendera iliyopanda hushuka saa kumi na mbili jioni. Rudi saa kumi na mbili."

Mwana wa Fundi akakaa juu ya jiwe lililopakwa chokaa. Ilikuwa saa tano na nusu. Aliutazama mlingoti akaona haupandiki, umepakwa mafuta mahsusi kwa ajili ya watu wenye mawazo kama yake. Aliitazama kufuli. Akamwona mama yake akiwaambia wateja, picha inakuja leo, na mahali pa picha pamekwisha kufutwa vumbi juu ya cherehani. Naam, shujaa alikuwa karibu kulia, na anayecheka hajawahi kumwahidi mamaye kitu.

Na alipokuwa akiyageuza macho ili mzee asiyaone, yakatua kwenye ule ubao mweusi ukutani mwa kibanda. Kanuni za Bendera, kumi na moja. Akazisoma zote, kwa kuwa mwaka wa kwanza husoma kila kilichoandikwa. Alipofika ya saba akasimama wima.

"Mzee wangu," akanena, "sikuja kubishana na kitabu chako. Umeandika bendera, na iwe bendera. Lakini kanuni ya saba yasema, bendera iliyochanika au kuchafuka ishushwe mara moja. Nami nashuhudia mbele yako na mbele ya bahari hii kwamba bendera yako ni chafu. Ina doa la maharage mfukoni."

"Bendera haina mfuko."

"Hii inao, upande wa moyo."

Askari akatoa miwani mfukoni, akaifuta, akaivaa. Wote wawili wakainua nyuso. Na shati, kwa ukaidi, likawageuzia mgongo, safi kabisa. Oneni sasa mabadiliko ya dunia: kijana yule yule aliyeamka alfajiri kulilaani doa, aliyelipiga ngumi akiliambia litoke, alikuwa amesimama juani akiliomba liwepo. Doa langu, alisema moyoni, nimekukosea, nisamehe, usiwe umetoka.

Upepo ukakata. Shati likalegea, likajizungusha polepole. Na pale mfukoni, limekauka na kujitokeza vizuri juani, kubwa kama kiganja, doa lilikuwapo. Lilikuwa limeishinda sabuni ya mche, ndoo mbili za maji na ngumi zote. Mwana wa Fundi hakuwahi kufurahia uchafu kiasi kile maishani mwake.

"Ni maharage kweli," akasema askari.

"Ya jana, mzee."

"Niliyala. Hayakuwa na chumvi." Akavua miwani. Uso wake ulikuwa umefunguka, kwa maana sasa hapakuwa na mstari wa kufuta, palikuwa na mstari wa kuongeza. "Kanuni ya saba. Kaa sawa, kijana. Bendera inashuka."

Akafungua kufuli. Akaweka filimbi mdomoni, akapuliza.

Katika chuo kile filimbi ya bendera ikilia, kila mwenye miguu husimama alipo mpaka ilie ya pili. Basi walisimama. Mpishi alisimama mlangoni mwa bwalo na sufuria mikononi. Mhadhiri mmoja alisimama na leso puani. Mkongwe, wamesema waliomwona, alisimama kwa kuendelea kulala. Na kule ukumbi mdogo, ilikuwa saa sita kasoro dakika tatu. Faili Jekundu, wa mwisho kabisa katika foleni, alisimama na mguu mmoja ndani ya mlango na mwingine nje, na ndani dada wa kamera alisimama na mkono juu ya waya wa taa. Saa ya ukutani peke yake haikuwa na adabu, ikaendelea kwenda.

Mzee hakuharakisha, maana bendera haiharakishwi. Aliishusha pima kwa pima, akaipokea isiguse kokoto, akaikunja mara mbili, kisha mara nne, akaibana chini ya kwapa na kuinyoosha kwa kiganja, na kijana akayahesabu makunjo yote yakiingia kwenye kola kama anayeshuhudia mateso. Hatimaye askari akaitoa kwa mikono miwili.

"Naikabidhi kwako uipeleke kwa fundi."

"Mimi ni mwana wa fundi, mzee."

Filimbi ya pili ikalia, naye akaondoka kama mshale, kokoto zikiruka, ndala moja ikabaki uwanjani na haikurudiwa. Alilivaa shati akiwa mbioni, akakosea kifungo kimoja, akarekebisha penye tangi la maji. Faili Jekundu ndiyo kwanza anaunyanyua ule mguu wa nje alipomwona, akarudi nyuma hatua moja kumpisha.

"Nimefunga," akasema dada wa kamera. "Saa sita na dakika mbili."

"Dada," akasema Faili Jekundu taratibu, "dakika tano tulikuwa tumesimama kwa ajili ya bendera. Hizo si zetu. Na wewe ulisimama."

Dada wa kamera akamtazama, akaitazama saa, akauachia waya. "Kaeni upesi. Wewe wa ndala moja, anza. Kidevu juu."

Kamera ikameta. Na picha ilipotoka, ilionyesha kichwa, shingo, kola na kifungo cha kwanza. Doa lilibaki chini ya mpaka, kama askari asiyetajwa baada ya ushindi. Adhuhuri ile wawili waliingia bwaloni vitambulisho mkononi, wakala maharage, mmoja akiwa ameishika sahani mbali na kifua. Na katika kitabu cha arobaini na mbili, ambacho kipo na chaweza kusomwa na asiyeniamini, pameandikwa bila kufuta: Saa sita kasoro tatu. Bendera imeshushwa kwa sababu ya doa. Imekabidhiwa kwa mwenyewe.

Mwana wa Fundi akaituma picha nyumbani kwa simu, na alasiri simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mama, na nyuma yake cherehani imenyamaza.

"Nimeiona," akasema. "Jirani nimemwita ameiona. Umependeza, baba. Ila hiyo kola, nani kaikunja namna hiyo?"

"Ni askari, mama."

"Askari kafuata nini kwenye shati langu?"

Akamsimulia yote, tangu maharage hadi filimbi. Mama alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo halikuwa desturi yake, na mwisho akauliza polepole:

"Kwa hiyo kile kitambaa changu kimepigiwa saluti?"

"Mara mbili, mama."

 Mama akaiweka simu pembeni bila kuikata, na kijana akamsikia akiwageukia wateja waliokuwa wakingojea nguo zao, akaanza kuwasimulia upya, kwa sauti kubwa, na saluti kwake zikawa nne.